Kuku wa Nduku na Wastani wa Bwana DO

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Migwani, Afisa wa Maendeleo ya Jamii alinikabidhi baiskeli na somo moja. "Msichana, mchango wote ugawanye kwa idadi ya maboma. Huo ndio wastani. Nairobi hawataki hadithi, wanataka wastani." Nilitembea na neno hilo kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Kazi yetu ilikuwa kuhimiza harambee, wananchi wachange wenyewe wajenge shule au zahanati, kisha turipoti walichotoa. Kutoka Migwani nilihamishiwa Mukuyuni, halafu Kalamba. Huko ndiko nilikojifunza kubishana na wakubwa.

Kalamba walikuwa wakichangia shule ya sekondari. Asiye na pesa alileta kuku au mayai, yakanadiwa pale pale. Mnada wa harambee una desturi yake: mwenye uwezo ananunua kuku, halafu anamrudisha mezani auzwe tena. Nduku, mama mjane, alileta kuku mwekundu. Mzee Mutua, mfanyabiashara wa ng'ombe, alimnunua, akamrudisha, akamnunua tena, hadi kuku mwenyewe akachoka kushikwa miguu. Karibu pesa zote za siku hiyo zilitoka mfukoni mwa Mutua.

Karani wa Bwana DO, yaani mkuu wetu wa tarafa, alipogawanya, ilionekana kila boma lilitoa bei ya mbuzi mzima. Hesabu haikuwa na kosa. Bwana DO alifurahi kupita kiasi, akatangaza kwamba awamu ya pili kila boma litalipa kiasi hicho hicho, na asiyelipa, askari wa chifu wamchukulie mbuzi. Mwaka huo mvua ilikuwa imetukimbia. Nduku alikuwa na mbuzi mmoja tu, na maziwa yake ndiyo yaliyomlea mjukuu aliyeachwa na marehemu binti yake. Nilikasirika.

Nikaenda ofisini. "Bwana DO, ukimtoa Mutua, hakuna mtu Kalamba aliyetoa kiasi hicho. Hata mmoja."

"Wewe unabishana na hesabu?"

"Hesabu iko sawa. Nakuomba tu uje uwaone wakisimama."

Alikuja, nadhani ili anikomeshe mbele za watu. Kwenye baraza niliwaomba wote wapange mstari, aliyetoa nyingi mbele, aliyetoa kidogo nyuma.

"Kwani leo tunapigwa picha?" Mutua akauliza, na watu wakacheka. Akaenda kusimama mbele. Nikaanza kuhesabu, mmoja kutoka mbele, mmoja kutoka nyuma, hadi nikamfikia mtu wa katikati. Alikuwa Nduku.

"Mama, wewe ulitoa pesa ngapi?" Bwana DO akamuuliza.

"Mimi nilitoa kuku."

"Na pesa?"

"Si kuku ndiyo pesa yangu? Hizo zingine ni za Mutua."

Bwana DO aliutazama mstari kutoka alipokuwa Nduku hadi nyuma kabisa, nusu ya watu, wote wametoa kuku mmoja au pungufu. Kisha akamgeukia chifu. "Askari wako wasiguse mbuzi ya mtu."

Tangu siku hiyo niliripoti wastani kama walivyotaka, na pembeni nikaandika alichotoa mtu wa katikati. Mkubwa mmoja aliniambia fomu haina nafasi ya mambo yangu. Nikamjibu kwamba pembeni pana nafasi ya kutosha, na nikaendelea hivyo hadi mwisho. Ninyi vijana mnaofanya kazi hii sasa mna kompyuta, na mnaniambia kata hii ni karimu kuliko ile. Nikiwauliza mtu wa katikati alitoa nini, mnanirudishia wastani. Nendeni mkamtafute.

Nilipostaafu, watu wa Kalamba walinifanyia sherehe. Nduku alikuja na mkongojo, na kuku kwapani. Mwenye kipaza sauti akamnyakua kuku, akaanza kumnadi.

Nduku akamshika mkono. "Huyu hauzwi," akasema. "Mbuzi wangu hakuchukuliwa, mjukuu wangu akanywa maziwa yake yote. Huyu mama aende na kuku yake nyumbani."