Nilivyobomoa jiko la moshi kwa ajili ya sofa, Mbinga, enzi za ruksa

Wakuu, salamu kwenu nyote, walioshiba na wale wanaosema wako diet kumbe unga umeisha.

Jana nimesoma humu bwana mmoja akimlalamikia mkewe. Kosa la huyo mama ni kwamba anaweka magunia ya mahindi ndani wakati wa mavuno na kuanika dagaa uani, eti nyumba inakaa kishamba. Wachangiaji kibao wakampa pole.

Mimi simpi pole. Namjua vizuri sana huyo bwana, kwa sababu nilishawahi kuwa yeye.

Hii sio chai. Mama watoto yuko hapa pembeni anachambua maharage. Nimemsomea niliyoandika, amenirekebisha sehemu mbili, na moja ilikuwa ya kunipunguzia sifa.

Twende.

Ni miaka ile biashara ilipofunguliwa. Huku Mbinga tulizoea kuuza kahawa ushirika na kusubiri malipo mpaka usahau kama ulishavuna. Ghafla wakaja wanunuzi binafsi na magari yao, wanapima mlangoni kwako, unapewa hela taslimu hapo hapo. Wengine wetu hatukuwahi kushika noti nyingi hivyo kwa mkupuo, na akili ilituhama siku hiyo hiyo.

Nilikuwa kijana, nina shamba aliloniachia marehemu baba, na nyumba ya tofali za kuchoma yenye bati. Mtoto mmoja, Neema, ndio kwanza anajifunza kutembea. Mke wangu, Mama Neema, ni Mnyasa wa Lituhi, kule ziwani.

Huyu mwanamke alikuwa na mambo yake. Kiberiti anakitia kwenye kopo lenye mfuniko. Chumvi ya mwaka mzima inakaa kwenye kibuyu. Maharage anayachanganya na majivu. Ndugu zake wakipata lori la kupanda huku wanamletea usipa mkavu, vile vidagaa vya ziwani, pamoja na makopa, yaani muhogo uliomenywa na kukaushwa.

Sisi wa milimani muhogo tuliuona chakula cha watu waliokosa mahindi. Nilikuwa nawaambia rafiki zangu kwamba nimeoa mwanamke mzuri ila anaishi kama anayesubiri vita. Tunacheka, yeye anasikia, anaendelea kumenya.

Sasa kosa lenyewe.

Kama hujawahi kuishi huku kwetu Umatengoni, elewa kwamba jiko letu la zamani ni kibanda cha nyasi nyuma ya nyumba. Juu ya moto kuna dari la fito, na mahindi yanapangwa pale na maganda yake. Moshi unapita humo kila siku mpaka yanakuwa meusi kama sufuria ya matanga. Hayapendezi, lakini mdudu hayagusi. Babu zetu hawakuwa na dawa ya dukani, walikuwa na moshi.

Mimi nikaona moshi ni aibu.

Nilikuwa nimenunua seti ya sofa kutoka Songea, mbao ngumu, vitambaa vyekundu. Mnunuzi wa kahawa akija nataka akae pale anywe soda kama watu. Siku moja akaketi, akavuta pua, akauliza kama kuna kitu kinaungua. Basi, nikatangaza kwamba nikimaliza kuuza kahawa nabomoa jiko. Tutapikia jiko la mkaa barazani, na mahindi yatapukuchuliwa yakae kwenye magunia, chumba cha pembeni, kistaarabu.

"Baba Neema, mahindi yasiyoona moshi ni ya Skania," mke wangu akasema.

Skania ndilo jina tulilompa dumuzi, kile kimdudu kidogo cheusi. Tulimpa jina la lori kwa sababu akipita hakuachii mzigo.

Nikamjibu kwamba Skania anaingia kwenye vibanda vya nyasi, nyumba ya bati hana pa kupitia. Wakuu, nilisema hivyo mbele ya watu, tena kwa sauti. Mjinga akipata hela huwa anapata na sauti.

Nikamwambia pia yale makopa ayatoe, yananuka. Kesho yake nikauliza. Akajibu, "Nimeshayatoa." Nikafurahi kwamba mke wangu anaelimika.

Tangu hapo akawa kila Jumamosi anakwenda kwa mama yangu mzazi, kule kijijini Mpepai, kapu kichwani na mtoto mgongoni. Mwanzoni nikasema ni heshima kwa mama mkwe. Baadaye nikaanza kuhesabu mara ngapi, nikaamua wanakutana kunisema. Mwezi wa kumi na moja nikampiga marufuku. Hata kapu sikuwahi kulifunua. Mwanaume wa sofa hafunui makapu.

Jiko nililibomoa mwenyewe, nikipiga mluzi.

Mwezi wa kwanza mvua ikakaza. Barabara ya Songea ikakatika, malori yakazama kwenye tope. Maduka yetu mapya, yale tuliyoyasifia kwamba sasa kila kitu kipo, yalikuwa na kila kitu kweli: sabuni za kunukia, soda, kandambili, betri za redio. Unga hakuna. Uhuru wa biashara ulipokwama kwenye tope, ulikwama na chakula chetu.

Nikasema sina wasiwasi, nina magunia. Nikafungua la kwanza nikaingiza mkono. Mkono ukazama kwenye vumbi. La pili vumbi. Punje zilizobaki zilikuwa na matundu, nyepesi, ukipuliza zinaruka. Skania walikuwa wamekula kistaarabu, chumbani, chini ya bati.

Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi saba. Akachukua ungo. Ningefurahi sana kama angenitukana.

Tulipepeta lile vumbi tukapika uji, mchungu. Neema alikuwa anautema. Mke wangu akaomba aende Mpepai, nikakataa, nikidhani anakwenda kunisema. Baada ya wiki mbili hivi aliacha kutembea. Mtoto aliyekuwa anakimbiza kuku akawa anakaa tu mlangoni, hata kuku wakimpita hageuki. Hapo niliogopa, wakuu.

Nikaenda kwa jirani, Mzee Kapinga, ambaye jiko lake jeusi nililicheka miaka. Nikamwambia achukue sofa zote, anipe debe moja la mahindi.

Akaniangalia, wala hakucheka. "Mwanangu, mimi nina wajukuu sita. Hiyo sofa nitawapikia na mboga gani?" Akanipa maboga mawili, bure. Yale maboga yalikuwa mazito kuliko matusi.

Kesho yake asubuhi nikashuka bonde kwenda Mpepai.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Leo umeikumbuka njia."

Nikaeleza. Akaniacha nieleze mpaka mwisho, na uongo wangu mdogo mdogo humo humo. Kisha akanipeleka jikoni kwake akaniambia niangalie juu. Dari limejaa mpaka fito zimepinda. Mahindi meusi, makopa kwenye vikapu, usipa kwenye mtungi uliofunikwa.

"Mama, kumbe umevuna sana mwaka huu."

"Mimi mtu mmoja nivune haya yote? Ni ya mkeo. Alianza kuyaleta siku uliyosema unabomoa, mpaka ulipomkataza."

Nikanyoosha mkono kwenye kapu la karibu. Mama akaushusha.

"Sio yako. Beba hiki kibakuli cha mtoto. Mengine mwenyewe aje."

Nikarudi na kibakuli cha makopa na usipa. Mwanaume mzima, bonde na kilima, na kibakuli. Mke wangu akapika, Neema akala chakula cha watu waliokosa mahindi mpaka akalamba kijiko.

Nikamwambia, "Mama anakuita ukachukue vitu vyako."

"Ulinikataza njia."

"Nimekuruhusu."

"Na nikivileta naviweka wapi? Chini ya bati tena?" Akatazama uani, pale jiko lilipokuwa. "Jenga kwanza."

Nyasi nilipata kwa majirani. Kazi ilikuwa dari. Mianzi yote imelowa, fito zote mbichi, na mti mbichi ukibeba mahindi unayaozesha. Nikamwambia mbao kavu haipatikani Mbinga nzima.

Akasema, "Ipo. Unaikalia."

Niliivunja mwenyewe, wakuu, na mluzi sikupiga. Miguu ya sofa ikawa vigingi, migongo ikawa fito, vitambaa vyekundu vikawa nepi za mtoto aliyezaliwa mwezi wa tatu akiwa mzima kabisa. Mama Neema akaenda kuyachukua mahindi yake Mpepai, akayapanga juu, akawasha moto. Moshi ulipoanza kupanda nikasikia haya, na nikasikia nimepona.

Funzo sina refu. Nawaona humu mkiuziana masanduku ya dharura yenye tochi na filimbi, halafu nyumba zenu zina unga wa siku mbili. Filimbi utampigia nani? Ukiona mwanamke wako anakausha, anafunika, anaficha, usimwite mshamba. Funua kapu ulione, kisha mbebee.

Na wewe bwana wa jana, kama magunia ya mkeo yanakukera sana, nitumie PM. Nitakuja kuyachukua mwenyewe, utabaki na sebule yako safi.

Wengine semeni ya kwenu, hasa mliokula makopa mkiwa mmeyatukana. Kejeli ruksa, nimeshazizoea. Neema sasa ana watoto watatu, na kila akija kuomba mahindi anawaingiza jikoni, anawaonyesha juu kwenye ule weusi na kuwauliza, "Mnaona pale? Babu yenu alikuwa anapakalia."