Kwenu Sasa ni Wapi?

Mwalimu mkuu wetu alikuwa na kipaza sauti cha betri, kile cha kushikwa mkononi, na sijawahi kumwona mtu akikipenda chombo kama alivyokipenda yeye. Shule yetu ya msingi pale Habaswein ilikuwa na uwanja mdogo tu, hata mtu mwenye mafua angesikika mpaka langoni. Lakini kila Ijumaa asubuhi alisimama chini ya bendera, akakigonga kwa kidole, akasafisha koo na kuanza: "Habari za shule kwa wazazi na wanafunzi." Wazazi wenyewe hawakuwapo. Walikuwa porini na mifugo yao, wengine mwendo wa siku nyingi kutoka pale. Yeye alikuwa ametoka Kenya, kama tulivyosema siku zile tukimaanisha kule chini, ng'ambo ya mto Tana, na nadhani aliamini kwamba akipaza sauti ya kutosha upepo ungefanya kazi iliyobaki.

Kando yake alisimama maalim aliyetufundisha dini. Kila baada ya maneno machache alipokezwa kile chombo ili ayarudie kwa Kisomali. Watoto wote watachanjwa Jumanne. Mashindano ya riadha ya tarafa yako karibu, wenye mbio wajitokeze. Kwaya ifanye mazoezi kila jioni. Siku ya wazazi itakuwa siku ile ile ya kufunga shule, na kila mzazi anakaribishwa kwa moyo mkunjufu. Maalim alikuwa na tabia ya kugeuka upande anaposema, akitupa sisi mgongo na kuelekea ua wa miiba nyuma ya mabweni. Tulidhani anakwepa jua.

Sisi wa bweni tulizisikiliza habari hizo kwa sikio moja. Zile tulizokuwa na njaa nazo zilikuwa za upande wa pili, kutoka nyumbani kuja shule. Kwetu kulikuwa kunahama. Nyumba inafunguliwa, vijiti na mikeka inapakiwa juu ya ngamia, na ulikolala jana leo kuna majivu tu. Ukiagana na mama Septemba, hujui Novemba utamkuta wapi. Mtoto mmoja aliyetutangulia alipandishwa lori siku ya kufunga, akateremshwa pale pale alipopajua, akakuta mavi ya mbuzi yaliyokauka na kimya. Wapita njia ndio waliomrudisha. Tangu siku hiyo mwalimu mkuu akaweka sheria: hakuna mtoto kutoka langoni mpaka aseme kwao sasa ni wapi, na ni nani aliyemletea habari.

Basi majuma mawili ya mwisho wa muhula, paredi ilibadilika. Mwalimu mkuu akimaliza ya kwake, anauliza, "Nani amepata habari? Kwenu sasa ni wapi?" Na mikono inapanda. Habari zililetwa na madereva wa malori, wauza mbuzi, na kina mama waliokuja alfajiri na madumu ya maziwa ya ngamia. Kwetu mtu akifika kutoka safarini huulizwa habari, naye huzitoa zote, mvua imenyesha wapi, kisima gani kimekauka, nani amehama na ameelekea wapi. Hafichi kitu. Hiyo ndiyo iliyokuwa posta yetu, na haikupoteza barua.

Tulishindana. Aliyesema kwao sasa ni nusu ya njia ya Modogashe alipata makofi machache. Aliyesema kwao wamevuka mpaka karibu na Elwak alipigiwa mbinja, akatembea siku nzima kifua mbele. Kwa sababu kila mtu alijua maana yake: ukiwa mbali, una wanyama wenye nguvu ya kukufikisha huko. Waliokuwa karibu ni watu wa bula, mtaa wa vibanda uliokuwa nyuma ya ule ua wa miiba, walikokuja kukaa watu ambao mifugo yao imekwisha. Mwenye ngamia hakai bula. Atawalisha nini, mchanga?

Mimi nilikuwa darasa la sita na nilikuwa na mdomo. Nilikwisha kulitangazia bweni zima kwamba safari hii sisi tutakuwa mbali kuliko wote, mbali mpaka dereva atakataa. Baba yangu alikuwa na ngamia wanaojulikana. Nilikuwa nimejipiga kifua tangu wiki ya kwanza, na ulikuwa mwaka wa ukame, mwaka wa kuhama kweli kweli.

Juma la kwanza mikono ilipanda, wangu haukupanda. Nikasema haidhuru, walio mbali habari zao huchelewa. Siku iliyofuata jirani yangu wa kitanda akapata za kwao. Halafu watoto wa ndugu watatu kwa mpigo. Darasani sikuweza kukaa. Niliomba ruhusa ya kwenda msalani mara nyingi hata mwalimu wa hesabu akauliza kama nimekula kitu kibaya. Sikwenda msalani, nilikwenda langoni. Likipita lori nakimbilia, naulizia watu wetu, nataja ukoo, nataja alama ya ngamia wetu. Madereva walitikisa kichwa. Mmoja alinitazama kwa muda, akafungua kinywa, halafu akawasha gari.

Mtu wa kuniletea habari alikuwepo, na hapo ndipo hasira zangu zilipoanzia. Alikuwa mama mmoja muuza maziwa, binamu ya mama yangu, niliyemwita habaryar, yaani mama mdogo. Mihula yote alikuwa yeye. Alikuwa akija langoni kabla ya paredi na kunimiminia kila kitu mpaka mbuzi gani amezaa. Muhula huu alipita haraka, dumu moja tu mgongoni badala ya matatu.

"Habaryar, wako wapi?"

"Nabad. Wote nabad."

"Najua wako salama. Wako wapi?"

"Maziwa yanaharibika juani, binti. Niache nipite."

Nilimfuata siku tatu mfululizo. Siku ya tatu nilimshika nguo. Nikamwambia kama baba amekufa aseme, mimi si mtoto. Akaniapia kwa Mungu kwamba baba yu hai, na mama yu hai, na wadogo zangu wako hai. Kisha akaitoa nguo yake mkononi mwangu taratibu, akaenda zake. Nilimchukia, nasema wazi. Nilimwona mwongo, na mwongo wa aina mbaya, wa kusema kweli nusu.

Usiku sikulala vizuri, mchana sikula vizuri. Niligombana na jirani yangu wa kitanda kwa sababu alipanga nguo zake kwenye sanduku akiimba. Jioni kwenye kwaya nilikuwa mwimbishaji, mimi naanzisha, wengine wanapokea. Wimbo ulikuwa wa kuwakaribisha wazazi, umetungwa na mwalimu mkuu mwenyewe, "wazazi wetu karibuni, muone tulivyojifunza," na nilikuwa naupiga kama nampigia kelele mtu aliyenikosea. Mwalimu mkuu akafurahi, akasema hiyo ndiyo sauti anayoitaka. Akaleta kipaza sauti chake nifanyie mazoezi.

Ijumaa ya mwisho aliuliza, "Nani bado?" Nilibaki peke yangu. Aliniangalia, akaangalia maalim, na maalim akaangalia miguu yake. Kisha mwalimu mkuu akaendelea na mengine, kwamba shule itafunguliwa Januari, na kila mtoto aje na ufagio, kwa kuwa fagio za shule zimekwisha. Maalim akageukia ua wake wa miiba akayasema hayo yote kwa Kisomali, polepole kuliko kawaida, na la ufagio akalirudia.

Siku ya wazazi ilifika. Uwanja ulijaa. Baba wenye ndevu za hina wameketi safu ya mbele na bakora zao, mama wamekaa upande wa kivuli. Hakuna aliyekuja mikono mitupu. Huyu na dumu la maziwa, huyu na samli kwenye chupa, mmoja na mbuzi aliyemfunga kwenye mlingoti wa bendera mpaka mwalimu mkuu akaomba afungwe kwingine. Niliimba. Niliimba nikiwa nimekodoa macho langoni, na kila buibui lililoingia nililivua kwa macho nione miguu ya nani. Miguu ya mama ningeitambua popote. Haikuja.

Watoto wakaanza kuondoka. Lori la kuelekea Modogashe lilikuwa limewashwa, masanduku ya bati yanapandishwa, watu wanaitana. Dereva alikuja na tumbaku mdomoni akamwambia mwalimu mkuu, na mimi nimesimama pale pale, "Mualimu, mimi nabeleka watoto baka Modogashe. Hawa yote najua kwao. Huyu msichana moja hana kwao, sasa yeye mimi nafanya nini?"

"Huyu muache," mwalimu mkuu akasema. "Huyu nitamshughulikia."

Hana kwao. Nilikaa juu ya sanduku langu. Lori lilipoondoka, jirani yangu wa kitanda alinipungia mkono, nami sikumpungia. Vumbi likatulia. Mbuzi akawa analia mahali fulani. Mwalimu mkuu alikaa kwenye ngazi ya ofisi, kipaza sauti kimelala mapajani, na kwa mara ya kwanza nilimwona amekosa la kutangaza.

Habaryar alikuja jioni, hana dumu. Aliinua sanduku langu akaliweka kichwani.

"Umejua kwetu ni wapi?" nikamuuliza.

"Najua."

"Gari liko wapi?"

"Hakuna gari," akasema. "Tutatembea. Ni karibu."

Nimeambiwa mambo mengi maishani, mengine mabaya kuliko hilo, lakini hakuna lililonipiga kama neno karibu. Nilitaka kumwambia amekosea mtoto. Nilitaka kulikimbilia lori. Tulipita nyuma ya mabweni, tukapitia penye pengo la ua wa miiba ambalo wapishi walilitumia, na hatukwenda mbali kuliko ambavyo ningekwenda kuchota maji. Kibanda cha mama kilikuwa cha mstari wa mbele. Nusu ilikuwa mikeka yetu, niliifahamu kwa mafundo yake, na nusu ilikuwa magunia ya unga wa msaada yaliyoshonwa pamoja. Hapakuwa na zizi. Hapakuwa na kengele ya ngamia wala harufu ya mbuzi, na kwetu bila harufu ile ilikuwa nyumba ya mtu mwingine.

Mama alisimama mlangoni. Alikuwa amekonda. Badala ya kumkumbatia nilimrushia swali kwa hasira.

"Mko hapa tangu lini?"

"Tangu juma lile la kabla ya kuchanjwa kwenu," akasema.

"Nani alikwambia tulichanjwa?"

"Mwalimu wenu. Si anapiga kelele? Na maalim anatutafsiria, anageuka huku tusikie. Nilijua na yale mashindano ya mbio, nikamwambia mdogo wako, dada yako hatajitokeza, mvivu huyo." Akajaribu kucheka. "Na jioni nilikusikia ukiimba. Sauti yako nilikuwa naijua kabla ya wenzako kupokea."

Baba alikuwa amekwenda Elwak na ngamia wawili waliobaki, kuwatafuta jamaa. Wengine wote walikuwa wamekufa, mmoja baada ya mwingine, kandokando ya kinamasi cha Lorian walikokwenda wakidhani kuna maji. Aliyasema hayo haraka, kama mtu anayepitisha mzigo mlangoni. Mimi bado nilikuwa na langu.

"Mbona leo hukuja? Kila mzazi alikuja. Walitoka mpaka Elwak. Wewe ulikuwa hapa!"

"Wenzangu walikuja na nini?"

Alijua walikuja na nini. Alikuwa amewaona wakipita na madumu na yule mbuzi, na njia ya kwenda langoni ilipita mbele ya kibanda chake.

"Basi mimi ningekuja na nini?" akauliza, na hakuwa na hasira hata kidogo. Hapo nikalia. Nililia kwa ngamia na kwa mdomo wangu mrefu, na kwa kuwa kwa majuma yote yale nilikuwa nakimbilia malori kumbe mama ananisikia nikikohoa. Habaryar aliweka sanduku chini akaenda kuwasha moto. Wala hakuwa mwongo. Mama ndiye aliyemwapisha anyamaze, na kwa mtu wa kwetu kubeba habari bila kuitua ni kazi nzito kuliko kubeba maji.

Nilipoingia ndani kuweka sanduku niliona ufagio umesimama pembeni. Ulikuwa mpya, wa vijiti vyembamba, umefungwa kwa kamba ya singa zilizosokotwa vizuri, kamba ile ya kufungia mizigo juu ya ngamia.

"Wa shule," mama akasema nyuma yangu. "Si walisema kila mtoto aje nao?"

Tulikula uji. Wadogo zangu walilala. Mimi sikutulia, nilikaa nikisikiliza kengele ambazo hazikuwepo, natoka nje, narudi ndani. Mama naye alikuwa ameketi mlangoni ameelekea ule ua wa miiba, kichwa kimeinama upande mmoja, kama alivyozoea kukaa jioni zote za muhula ule.

"Leo huko kwenu," akasema, "kimya."