Mama Solange Anataka Nyama Kwanza

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu bado umeshika migomba, Mama Solange ameshakaa mlangoni na mizani yake. Ni mizani kama ile wanayopimia dhahabu kule machimbo ya Omate. Yeye anapimia baruti, na ukimsogelea na maneno mengi atakunyamazisha kwa jicho tu.

Bunduki ya mumewe, Papa Élie, ni kuukuu, na risasi zake ziliacha kuuzwa zamani. Basi mama huyu wa Walikale, mashariki mwa Kongo, huchukua maganda ya risasi za aina nyingine, huyabana kwenye kalibu ya chuma mpaka yaikubali bunduki hiyo, kisha huyajaza mwenyewe. Nguruwe mwitu wakivamia muhogo ng'ambo ya bonde, Papa Élie huwapiga risasi akiwa upande huu.

"Ile bunduki inachagua," anasema Mama Solange. "Ukiipa kidogo, inakohoa tu. Ukiipa mingi, inakuvunja bega. Mimi njo najua tumbo yake."

Hapokei pesa. Desturi ya wawindaji wa hapa ni kwamba aliyejaza risasi huletewa bega la mnyama, lenye tundu la risasi ile. Nyama isipokuja, hajazi tena. Hata Papa Élie, mume wa ndoa, hana msamaha.

Mwezi uliopita walifika wanaume wenye silaha na gunia la maganda ya bunduki zao, wakataka lijazwe. Majirani walitazama chini. Mama Solange akauliza, "Ya hii gunia, mutaniletea nyama ya nani?"

Wale wanaume wakafunga gunia lao. Waliondoka, na kesho yake wakarudi na bega la mbuzi. Jamani, mama akaligeuza huku na huku kama mtu anayenunua sokoni.

"Tundu iko wapi?" akawaambia. "Huyu mubuzi mulichinja na kisu. Tena iko ya Mama Laetitia hapa jirani, munasikia vile analia."

Wakabeba kalibu yake, ingawa ni ya bunduki ya Papa Élie tu na haiwafai kwa lolote. Ni ukali tu. Walisema akitengeneza nyingine, watarudi.

Je, aliogopa? "Sana. Lakini nijaze risasi ya kuua watoto ya watu, halafu nipikie wangu na hii mikono? Hapana."

Papa Élie anakuna kichwa. "Mimi nilimuambia, mama, wajazie mbili tatu, waende zao. Akanilaza njaa."

Bila kalibu, amebaki na maganda machache aliyokwisha kuyabana, na nguruwe wamesharudi shambani. Kwa hiyo kila jioni anashika tupa na kipande cha chuma, anakwangua kalibu mpya nje, hadharani, kila mpita njia akiona. Anataka iwe tayari kabla muhogo haujaisha.

Na wakirudi kweli? Mama Solange anamimina baruti ndani ya ganda, taratibu, haimwagiki hata punje.

"Wakuje. Nitawauliza tena: nyama ya nani?"