Sala ya Dirishani

Kwaresima ile tulimzika mtoto wetu wa kwanza, mchanga, hata meno hajaota. Pasaka ikaja, na watu wa jumuiya yetu hapa Nyamwaga wakawa wanaikwepa habari hiyo kama mtu anavyokwepa dimbwi. Kila aliyenisalimu: Bwana amefufuka, dada, furahi. Sawa, amefufuka, nami naamini. Lakini mwanangu alikuwa na jina, na tangu kaburini hakuna aliyelitamka mbele yangu. Nilitaka nisikie mtu analitaja kwenye sala. Hilo tu.

Jumamosi moja, bado kipindi cha Pasaka, zamu ya sala ikaangukia kwetu. Anayetuongoza ni Tata, baba mkwe wangu. Sasa hapo ndipo penye kazi. Kwetu Wakurya mzee haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, na mkwe wa kike hamsogelei. Tangu niolewe namwamkia kwa mbali, "Shikamoo, Tata," naye anaitika marahaba huku anaangalia migomba. Basi nikapanga mabenchi uani, nikatandika kitambaa mezani, nikaweka msalaba na maua. Mume wangu akanicheka: masika yote haya, mke wangu, uani?

Tulikuwa katikati ya rozari mvua ikashuka. Mvua ya Tarime haipigi hodi. Watu wakakimbilia sebuleni na mabenchi yao, mwenyekiti wa jumuiya, mama jirani yetu, amekumbatia msalaba. Tata akabaki nje, mgongo ameubana ukutani chini ya upenu, maji yanamrukia miguuni.

"Ingia, baba, Mungu ataelewa," mwenyekiti akamwambia.

"Mungu ataelewa," Tata akajibu. "Ukoo je?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Bati lilikuwa linanguruma, hatusikii kitu, nikaona sala ndiyo imeishia hapo: watu wanywe chai, waende zao, na zamu yetu isirudi mpaka nyumba zote zizungukwe. Hasira ikanipanda, sijui ni kwa mvua, kwa mila au kwa nani. Nikaenda kwenye dirisha la upande aliosimama, nikalifungua lote. Maji yakaingia mpaka kwenye makochi.

"Wee! Vitambaa vyako!" mwenyekiti akapiga kelele.

"Acha vilowe."

Sijawahi kuwa karibu na Tata namna ile. Nikageuza uso pembeni kwa heshima. "Tata," nikasema, "endelea, tunakusikia."

Hakunitazama. Alivua kofia, akapaza sauti kuishinda mvua, nasi tukaitikia kutoka ndani. Rozari ikaisha, tukasali Malkia wa Mbingu, zikafika nia za maombi. Akaombea mvua isiharibu mahindi. Akaombea wagonjwa. Nikadhani amemaliza.

"Na mjukuu wangu," akasema, na akamtaja. Jina lote, la ubatizo na la ukoo, polepole, kama anayemwita kutoka ng'ambo ya shamba. "Bwana uliyefufuka, mpokee. Na mama yake huyu, binti yangu, usimwache peke yake."

Mikono yangu yote miwili ilikuwa imeshika nondo za dirisha. Nilikuwa nalia kwa sauti mbele ya watu wote, na nilikuwa wa kwanza kuitikia amina.