Video ya Msiba wa Jirani

Nilirekodi msiba nikaurusha mtandaoni. Visingizio sina, ila kimoja: mwalimu wa biashara alituambia kampuni kubwa za mitandao hazilimi hata mche mmoja wa tumbaku, thamani yake ni macho yetu. Mimi nina ukurasa wa vichekesho. Nikajisemea, macho tu? Hayo nitayapata.

Marehemu alikuwa jirani yetu hapa Gongoni, fundi baiskeli, Mzaramo. Sisi Wanyamwezi ni watani wao tangu enzi za misafara, na mtani msibani ana kazi yake: kuwachekesha wafiwa. Mama akavaa koti la marehemu, akachechemea kama alivyokuwa akichechemea, akaziba mlango jeneza lisitoke.

"Hatoki mtu! Huyu Mzaramo kafa na pampu yangu!"

Mjane, ambaye tangu alfajiri hakuwa ametoa sauti, akacheka. Akacheka mpaka kicheko kikageuka kilio, na wanawake wakampokea.

Hicho kipande cha mjane nilikiondoa. Video fupi ndiyo inayotazamwa. Ile nzima nikaifuta, simu ilikuwa imejaa.

Ile fupi ikapaa. Jamaa mmoja wa mjini anayenunua kurasa akanipigia. Hakuuliza nani kafa.

"Wanaangalia mpaka mwisho, dogo?"

"Wanaangalia, kaka."

"Basi una mali."

Mali yenyewe ikamfikia mtoto wa marehemu, Dar, ambaye hakuwahi maziko. Wenzake kazini walimwonyesha: mwanamke anamwigiza baba yake, na chini watu wanaporomosha matusi. Akampigia mama yake akilia.

Nikaifuta. Bure, walishaichukua wakairusha kwingine. Nikaenda kwa mjane, nikapiga magoti mlangoni.

"Shikamoo mama. Si umwambie tu kwamba ulicheka?"

"Marahaba. Nimemwambia. Anasema namfichia aibu mama yako, kwa kuwa ni shoga yangu." Akanyoosha mkono. "Lete simu nimtumie ile nzima aone."

Sikuwa na cha kumpa. Akauangalia mkono wake mtupu, akaurudisha kwenye khanga.

"Basi mwambie mama yako, arobaini asije. Mwanangu atakuwepo."

Nilimwambia. Hakunipiga, na mimi nilishajiandaa kupigwa. Siku ya arobaini, visomo vikisikika kutoka upande wa pili wa ua, akanipa kapu la mchele aliokwisha kuuchambua.

"Peleka," akasema. "Ukae hukohuko uoshe vyombo mpaka mwisho. Na ukirudi, usinisimulie."