Mama wa Mizani

Hakuna roboti inayoingia ulingoni kupigana bila kupita mezani kwa mama wa mizani. Kila mara huipuliza vumbi mizani yake, akaifuta kwa upindo wa gauni, akailaza roboti juu yake taratibu kama anayelaza mtoto. Ikizidi uzito, hasemi imezidi. Husema, “Huyu bado ana shibe,” kisha anakusogezea bisibisi. Juzi alikuja fundi cherehani, mgeni kabisa, na roboti iliyojikinga kwa mfuniko wa sufuria. Ikazidi kidogo. “Mwachie tu, mama, mgeni huyo!” bingwa wetu akasema huku akicheka. Mama wala hakugeuka. Vidole vyake vilipapasa mfuniko mpaka vikakuta kishikio. “Na hiki tunapikia nini?” Wakakifungua, mizani ikakubali.

Pambano la fundi na bingwa lilipokwisha, roboti ya bingwa ilikuwa chali, magurudumu yakizunguka hewani. Bingwa akaja mbio mezani. “Ipimwe tena! Ile imezidi!” Mama akapuliza vumbi, akafuta, akailaza roboti ya fundi. Mizani ikatulia palepale. “Halali!” akatangaza, kwa sauti ambayo hatukujua kama anayo. Ukumbi mzima ukasimama kwa vifijo. Naye akachukua kile kishikio, akamkabidhi fundi cherehani kwa mikono miwili, kama kombe.