Kitanda cha Mama Mkwe na Vumbi la Sola

Watu huniuliza sola ya nyumbani inafaa kusafishwa kila baada ya muda gani katika sehemu zetu kavu. Wanajua nilimwekea mama mkwe wangu sola kule Nuu, basi wakadhani nimekuwa mtaalamu. Mimi huwajibu kwa swali: kwanza niambieni, chini ya hiyo sola kuna kitanda cha nani?

Mimi ni mtu wa Kilungu. Kwetu milimani ukungu huamka kabla ya watu, na sola iliyo juu ya nyumba yangu sijawahi kuigusa tangu iwekwe. Kwa hiyo siku fundi alipomaliza kufunga ile ya mama mkwe, nilisimama mbele ya wakwe nikatangaza, kwa sauti ya mtu aliyeoa vizuri, kwamba kazi imekwisha na mvua ndiyo itakayokuwa ikiiosha. Watu wa Nuu walinitazama kwa upole. Hakuna aliyetaka kumvunja mgeni moyo kwa kumwuliza mvua ipi.

Mama mkwe ni mjane. Anaishi na mbuzi wake na mbwa mmoja mwenye masikio makubwa, na watoto wake wote wametawanyika. Sola ilikuwa ya taa, lakini hasa ilikuwa ya simu. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, ana duka la vipuri katika mji mmoja kando ya barabara ya Mombasa, na alikuwa ametoa amri: kila jioni atampigia mama, na siku atakayoambiwa na ile sauti ya mtambo kwamba mteja hapatikani, atakuja na pikapu amhamishe. Katika familia yetu neno "mteja" likawa kama jina la ugonjwa. Mtu akisema "mama ako mteja," roho zilitushuka sote.

Mama mwenyewe hakutaka kusikia habari za kuhama. Mume wake amezikwa pale nyuma ya nyumba. "Huko nitafanya nini," alimwambia mke wangu, "nikae kwa veranda nikihesabu malori?"

Kiangazi kilipokolea, vumbi likalala juu ya sola na betri ikaanza kuishiwa mapema. Mama akajaribu kujisaidia. Kila jioni alisimama uani akairushia sola maji ya kisima kwa kikombe. Maji ya kisima kile yana chumvi. Chumvi ikashikana na vumbi, jua likakausha, na sola ikawa nyeupe kama ukuta uliopakwa chokaa kwa ajili ya Krismasi. Simu ikawa mteja. Shemeji akatusamehe mara hiyo, akasema hatasamehe tena. Siku chache baadaye ikawa mteja tena, bahati nzuri asubuhi, kabla ya saa ya shemeji kupiga. Mke wangu ndiye aliyegundua. "Nenda," akaniambia. "Ni wewe ulisema mvua."

Nilibeba mfuko wa ndimu za shambani kama zawadi nikaenda. Kwa kuwa mkwe halali kwa mama mkwe, nililala kwa jirani, na asubuhi nikafika uani na ngazi ya kuazima begani.

Hapa inabidi nieleze nthoni, ile heshima yetu Wakamba kati ya mtu na mama mkwe wake. Vijana wameilegeza. Kanisani nimeona watu wakikumbatiana na mama wakwe zao na mchungaji akitabasamu. Mama mkwe wangu ni wa kanisa hilohilo, tena ni kiongozi wa akina mama, lakini kwa nthoni hajalegeza hata uzi mmoja. Haniangalii usoni, haniiti, na katika miaka yote ya ndoa yangu hakuwa amewahi kunisemesha. Maneno yake huyapitisha kwa mke wangu. Mke wangu asipokuwepo, huyapitisha kwa mbwa.

"Ambia huyo mtu asiweke ngazi hapo," akamwambia mbwa.

Mbwa akanitazama.

"Mwambie mama nimekuja kusafisha sola," nikamwambia mbwa.

"Ambia yeye hiyo sola iko juu ya kitanda yangu. Mkwe atasimama aje juu ya kitanda ya mama ya bibi yake?"

Fundi alikuwa amechagua upande ule wa paa kwa sababu unapata jua vizuri. Hakuna aliyekuwa amefikiria kuuliza kitanda kiko wapi. Nikakaa juu ya jiwe. Mbwa akaja akakaa kando yangu.

Jirani yangu wa usiku ule, mama mmoja mcheshi, ndiye aliyetuokoa. "Kama shida ni kitanda," alisema, "si tutoe kitanda?"

Mama akafikiri, akakubali, ila kwa sharti: mkwe asikione. Kikitoka, nyumba itakuwa nyumba tu na mabati yatakuwa mabati tu. Basi nikapelekwa nyuma ya zizi la mbuzi, nikaambiwa nitazame mlima. Nikautazama mlima wa Nuu hadi nikaujua. Nyuma yangu jirani na akina mama wenzake walihema, wakagonga mlango kwa miguu ya kitanda, wakacheka. Kisha ikazuka shida mpya: mtu akiwa juu ya nyumba anaona ua wote. Ikabidi kitanda kiwekwe chini ya mwarubaini na kufunikwa blanketi kutoka juu hadi chini. Ndipo nikaitwa.

Vumbi nililipangusa kwa fulana kuukuu iliyokauka, likatoka lote. Chumvi ikakataa. Nikakumbuka jinsi tunavyotoa ukoko kwenye birika nyumbani, nikamwomba mbwa zile ndimu.

"Analeta zawadi halafu anachukua," mama akamlalamikia mbwa. Lakini ndimu zikaja. Nikakamua, nikasubiri, nikapangusa taratibu kabla kioo hakijapata joto, nikasuuza kwa maji ya mvua ambayo mama aliyahifadhi kwenye mtungi. "Ambia yeye hiyo ni maji ya chai ya pasta wetu anamwaga." Nikamwaga kwa uchungu. Kidogo kidogo sola ikarudi kuwa nyeusi, na kutoka ndani yule jirani akapiga kelele kwamba kijitaa cha kijani cha betri kimewaka. Simu ya mama ikachomekwa papo hapo. Nilifurahi kama mtoto.

Kitanda kingerudi wakati huohuo, lakini akina mama walikuwa wameona jinsi sakafu ilivyo mahali ambapo kitanda kilikaa, wakaamua kuiosha. Sakafu ikawa mbichi. Kitanda kikasubiri chini ya mwarubaini, kimejifunika gubigubi.

Kijana wa bodaboda akapita barabarani. Aliona kitanda uani, aliona kimefunikwa blanketi kama maiti, aliona akina mama wamesimama na mimi nimekaa juu ya paa nimeshika kichwa kwa sababu ya jua. Hakuuliza, akaenda kutangaza msiba. Saa moja baadaye kikaja kikundi cha akina mama wa kanisa wakiimba wimbo wa maombolezo, na sukari na unga wa mahindi kichwani. Mama mkwe akatoka mlangoni kuwapokea. Wimbo ukakatika katikati ya ubeti. Mmoja akaketi chini papo hapo. Wengine, walipokwisha kukaa na kuchekana, wakakubaliana kwamba sukari ikishaletwa hairudishwi.

Sote tukasahau kwamba habari ile ingefika barabara ya Mombasa. Shemeji aliposikia msiba alipiga simu ya mama, nayo ilikuwa kwenye chaji haijawashwa, akaipata mteja. Alifika mchana, pikapu nyeupe kwa vumbi. Mimi nilikuwa nyuma ya zizi tena, natazama mlima, kwa kuwa blanketi lilikuwa limeshatolewa likunjwe. Kwa hiyo yaliyofuata sikuyaona, niliyasikia.

Nilisikia mwanamume mzima akilia. Halafu nikasikia kilio kikigeuka hasira. "Nimeendesha gari nikilia kutoka kwangu mpaka hapa! Basi imetosha. Kitanda kimeshatoka, nusu ya kuhama imeisha. Mama, leta nguo." Nikasikia mlango wa nyuma wa pikapu ukifunguliwa, na vyuma vya kitanda vikiburutwa juu yake. Niliogopa. Nilitaka kugeuka nikamshike mkono, na siwezi kueleza ni kitu gani kilichonishika shingo nisigeuke. Nikasikia mlango wa nyumba ukifungwa kwa ndani.

Kisha simu ya shemeji ikalia.

"Halo? Mama? Si uko hapo ndani? Mbona unanipigia?"

Sauti ya mama ilitoka mara mbili, dirishani na kwenye simu. "Ulisema ukipiga na usinipate, ndio unichukue. Umenipata?"

"Mama, fungua mlango."

"Nimeuliza. Umenipata ama hujanipata?"

"Nimekupata, mama," shemeji akasema.

"Basi mimi si mteja. Rudisha kitanda."

Nikasikia vyuma vikiburutwa tena, kuelekea upande mwingine. Mimi bado natazama mlima. Hapo simu yangu ikalia mfukoni, na nambari ilikuwa ya mama mkwe.

"Mtoto wangu," akasema. "Geuka sasa. Kitanda imeingia."

Mbwa alikuwa miguuni pangu, ameinua masikio, anasubiri kutumwa.

"Hiyo sola," akaendelea, "inataka kuoshwa kila baada ya siku ngapi?"

Nilijua kitambaa kikavu kwenye mti mrefu kingetosha, kikipitishwa na yeyote akiwa amesimama chini.

"Kila mwezi, mama," nikasema.

"Basi utakuwa ukikuja kila mwezi. Na ndimu usisahau."